Mita nne za theluji, na hakuna wa kupanda paani

Kila ikifika Januari au Februari zinaanza kuzunguka zile video za Japani, kuta za theluji zimesimama pembeni ya barabara juu kuliko basi, nyumba imebaki ncha ya paa tu, alafu kwenye komenti kila mtu anauliza ni mita ngapi. Swali la mita lina majibu ya kushangaza kweli, ila mimi nimefika mahali naamini kwamba ndo swali linalotupoteza. Ukitaka kuelewa theluji kubwa inafanya nini kwenye vijiji vya milimani huko mikoa ya Niigata na Nagano, uliza kwanza kwenye hicho kijiji kuna watu wangapi wanaoweza kupanda paani na koleo, na wana miaka mingapi.

Mita zenyewe nazitaja maana bila hizo mtu hawezi kupata picha. Mlima Ibuki, Februari 1927, theluji ilipimwa mita 11.82. Kwenye kituo cha treni cha Mori-Miyanohara, kijiji cha Sakae, kuna nguzo imesimikwa kuonyesha theluji ilifika wapi tarehe 12 Februari 1945, mita 7.85, na hapo tunaongelea kituo cha treni ambacho watu wanapanda na kushuka, sio kilele cha mlima. Jirani yake kuna mji mdogo unaitwa Tsunan, ambao Februari 2006 ulipita mita 4 na mwaka 2022 ukapita tena. Na Tsunan haiko juu sana, kituo cha hali ya hewa hakifiki hata mita 500 kutoka usawa wa bahari, na ukichora mstari kwenye ramani upo karibu sawa na Tunis na Algiers. Sisi wengi huku theluji tunaijua kama kitu cha kilele cha Kibo, unapanda siku kadhaa ndo unakikuta, kwa hiyo ni vigumu kuelewa watu wanapandaje mpunga kiangazi mahali ambapo masika yanapoanza bado kuna theluji mita mbili.

Sababu yake ni bahari. Majira ya baridi upepo mkavu wenye baridi kali unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani ambayo ina maji ya uvuguvugu kwa sababu ya mkondo wa Tsushima unaotoka kusini, humo njiani ile hewa inanyonya mvuke mpaka inashiba, alafu inagonga milima ya katikati ya Japani, inalazimika kupanda, inapoa, na kila ilichobeba inakimwaga upande huu wa Niigata. Ikishavuka kule Tokyo inafika imekauka, jua linawaka, watu wanakausha nguo nje. Umbali ni saa moja na kidogo kwa treni ya kasi. Na kwa sababu joto la Niigata linacheza jirani na sifuri, theluji yake sio ile ya unga mwepesi, ni mbichi, imejaa maji, inashikana. Chukua paa la mita za mraba 100, liwekee theluji ya mita moja ambayo imeshatulia na kujikandamiza, hesabu kilo 300 kwa kila mita ya ujazo, unapata tani 30, yani kama semitrela imejaa mzigo imepaki juu ya chumba ulicholala. Na hiyo ni mita moja tu, kesho inaweza kuongezeka nusu nyingine.

Kwa hiyo paa lazima lishushwe theluji. Hilo halina mjadala, usiposhusha nguzo zinapasuka, milango inagoma kufunguka kwa sababu fremu imeinama, mwisho nyumba inakaa chini. Wenyeji wa Niigata kazi hiyo hawasemi wanafagia theluji, wanasema wanaichimba, na ukiangalia mtu anavyokata bonge kwa bonge na kulitupa pembeni unaona wapo sahihi. Kwenye msimu mbaya nyumba moja inashushwa mara nne, tano, hata zaidi, na kila mara ni siku nzima ya watu wazima wawili. Alafu ile uliyotupa chini inajilundika mpaka inakaribia paa, kwa hiyo inabidi ushuke uichimbe na hiyo uisogeze kwenye mtaro wa maji au shambani, la sivyo awamu inayofuata hakuna pa kutupia.

Sasa angalia vifo. Msimu wa 2005 kwenda 2006 Japani nzima walikufa watu 152 kwa sababu ya theluji. Mtu akisikia theluji imeua watu 152 anawaza maporomoko, anawaza watu wameganda kwa baridi. Karibu robo tatu yao walikuwa wanaondoa theluji. Walidondoka kutoka paani, walidondoka kwenye ngazi, walifunikwa na theluji iliyoteleza kutoka juu wakiwa chini, walitumbukia kwenye mtaro, moyo ulisimama wakiwa na koleo mkononi. Na karibu theluthi mbili ya wote walikuwa na miaka 65 kwenda juu. Linganisha na janga la Januari 1963, ambalo Nagaoka, mji wa mkoa wa Niigata, mjini kabisa ilifika mita 3.18 na idadi ya waliokufa na waliopotea nchi nzima ilikuwa 231. Huko maporomoko na nyumba kuanguka vilichukua sehemu kubwa. Yani theluji ni ileile, milima ni ileile, ila namna ya kufa imebadilika, kwa sababu mtu anayepanda paani amebadilika. Mwaka 1963 alikuwa kijana wa miaka 25 na kaka zake. Mwaka 2006 ni mzee wa miaka 75 peke yake, au na mke wake ameshika ngazi kule chini.

Na hili halikuisha 2006. Msimu wa 2020 kwenda 2021 walikufa 110, wengi tena ni wazee, wengi tena wakiwa kwenye hiyohiyo kazi. Inayoniuma zaidi ni kwamba ajali nyingi hazitokei ile siku ya tufani, siku hiyo watu wanakaa ndani. Zinatokea siku inayofuata, jua limetoka, hewa imepata joto kidogo, mzee anaona leo ndo leo, anapanda, na hilo joto ndo limelegeza theluji iliyokuwa imeng'ang'ania bati. Inaondoka yote kwa mpigo na yeye juu yake.

Serikali haijakaa bure, lazima niseme haki. Tangu 1962 kuna sheria maalumu ya maeneo ya theluji kubwa, na maeneo yaliyotajwa humo yanachukua karibu nusu ya ardhi ya Japani japo wanaishi humo asilimia kama 15 tu ya watu. Janga la 1963 lilipopiga, waziri wa fedha alikuwa Tanaka Kakuei, mtoto wa Niigata, na ndo ikawa mara ya kwanza theluji kufunguliwa mfuko wa sheria ya uokozi wakati wa majanga, kabla ya hapo ilionekana ni hali ya hewa tu, mvumilie. Huyu Tanaka kwenye kampeni zake aliwahi kuwaambia wapiga kura kwamba mlima wa mpakani upasuliwe, theluji ipite iende Tokyo na udongo wake ukajaze bahari mpaka kisiwa cha Sado. Watu walicheka lakini walimwelewa, alikuwa anaongea kuhusu hasira ya miaka mingi, ya wanaume wa milimani ambao kila majira ya baridi walikuwa wanaenda kufanya kazi za ujenzi Tokyo wakiacha wake na wazee wapambane na mapaa. Alipokuja kuwa waziri mkuu 1972 hadi 1974 na hata baada ya hapo, pesa ilimiminika kweli. Treni ya kasi kwenda Niigata ikafunguliwa 1982, barabara kuu ya Kan-etsu ikakamilika 1985, mahandaki ya kilomita na kilomita yakapita chini ya milima.

Nagaoka wao walishakuja na ubunifu wa aina yake, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Imai Yosaburo, mwenye kiwanda cha vitafunio vya mchele, aligundua kwamba pale maji ya ardhini yanapochuruzika theluji haikai, maana maji ya chini yana joto la nyuzi kama 13 hata kukiwa na baridi gani. Wakachimba visima, wakalaza mabomba katikati ya barabara, yanarusha maji madogomadogo theluji inayeyuka inapogusa lami. Ukienda leo utaona barabara zimekuwa na rangi ya kutu kwa sababu ya madini ya chuma kwenye hayo maji. Ni akili kubwa sana, ila nayo ina gharama, mji wa Minamiuonuma walivuta maji mpaka ardhi yenyewe ikaanza kutitia, na ikabidi uvutaji udhibitiwe.

Angalia hivo vyote nilivotaja: treni, handaki, barabara, mabomba ya barabarani, magreda. Vyote ni vya njia, na paa hakuna aliyeligusa. Njia inahesabika ni mali ya umma, paa ni mali yako pambana nalo. Matokeo yake mzee anaamka saa kumi alfajiri anasikia greda la halmashauri linapita mbele ya nyumba yake, barabara safi kabisa, alafu anachukua ngazi anapanda peke yake. Na hiyo barabara safi ndo walipitia watoto wake kwenda mjini wasirudi, sio kwa ubaya, kazi zipo huko, shule zipo huko. Simlaumu Tanaka kwa kujenga, watu walikuwa wanakufa kwa kukosa njia ya kufika hospitali. Ninachosema ni kwamba miaka 60 tumepima mafanikio kwa kilomita zilizofunguliwa wakati tatizo limehama likapanda juu ya nyumba.

Ushahidi mzuri zaidi wa hili ni Yamakoshi. Tarehe 23 Oktoba 2004 tetemeko kubwa lilipiga eneo la Chuetsu huko Niigata, likaua watu 68 kwa ujumla ukihesabu na waliofariki baadaye, na kijiji kizima cha Yamakoshi, watu kama 2,200, wakahamishwa kwa sababu barabara zote zilikatika. Kukawa kimya, nyumba tupu, na majira ya baridi yakaja na theluji nzito kuliko kawaida. Nyumba nyingi ambazo zilitikiswa zikapona, zimebaki na nyufa ila zimesimama, zikaja kulazwa chini na theluji kwa sababu hakukuwa na mtu wa kupanda. Theluji ya Yamakoshi haikuwa ngeni, hizo nyumba zilishaibeba vizazi na vizazi, kilichopungua safari hii ni mikono. Sasa hivi Japani ina nyumba tupu kama milioni 9 kwa sensa ya makazi ya 2023, na kwenye vitongoji vya theluji kila nyumba tupu ni hatari kwa jirani, paa lake likishuka linashukia uzio wako, likianguka linafunga kichochoro, na kisheria huwezi kupanda tu kwenye paa la mtu ambaye hata hujui yupo mji gani.

Wapo wanaosema suluhisho ni teknolojia, na kuna kitu humo. Kuna nyumba zinajengwa juu ya msingi wa zege wa ghorofa nzima ili mlango usizibwe, kuna mapaa ya mwinuko mkali theluji inateleza yenyewe, kuna mapaa yenye mabomba ya moto yanayoendeshwa na boila ya mafuta ya taa. Ila la kuteleza linataka uwanja mpana kuzunguka nyumba na ile theluji chini bado inataka kuondolewa, la boila linakula mafuta msimu mzima na anayelihitaji zaidi ni mjane anayeishi kwa pensheni. Hakuna mtu wa miaka 80 atakayekopa kujenga nyumba mpya. Wengine wanasema watu wajitolee, na kweli wanajitolea, kuna hata mafunzo yalianza Niigata baada ya 2006 ya kumfundisha mtu wa mjini kushika koleo bila kujiua, nayaheshimu sana. Lakini huwezi kujenga usalama wa mkoa juu ya wikiendi za wanafunzi, kwa sababu theluji haisubiri Jumamosi, na siku ikidondoka sana barabara anazotumia huyo mjitoleaji ndo za kwanza kufungwa. Desemba 2020 magari kama 2,100 yalikwama kwenye hiyohiyo Kan-etsu kwa zaidi ya siku mbili, jeshi likaitwa kupeleka chakula, wakati upande wa pili wa mlima, Minakami, ilidondoka karibu mita 2 ndani ya siku 2. Na mvuke ukiongezeka kwa sababu bahari inapata joto, hiyo mipigo ya ghafla haitapungua hata kama jumla ya theluji ya msimu itapungua maeneo ya chini.

Sasa kile kijiji cha Sakae, chenye ile nguzo ya mita 7.85. Wako chini ya watu 2,000, wazee ndo wengi, bajeti yao ni ndogo. Kwa miongo mingi wamekuwa na kikosi kidogo cha watu walioajiriwa na kijiji wakati wa baridi, kazi yao ni kupanda mapaa ya wazee na wasiojiweza kwa ratiba, nyumba kwa nyumba, kwa pesa ya umma. Hawaombwi kama msaada, ni huduma. Alafu chini ya meya wao Takahashi Hikoyoshi, aliyeongoza 1988 hadi 2008, walianza kupanua vinjia vya vitongoji wenyewe, kwa mashine ya kijiji na makubaliano ya wenye ardhi, bila kusubiri ruzuku yenye masharti ya barabara pana za kitaifa, ili greda lifike mpaka mlangoni. Lengo halikuwa magari ya utalii, lengo lilikuwa mzee asichimbe mita 50 kabla hajafika barabarani. Januari 2006 bonde la Akiyamago, ambalo nusu yake ni Sakae na nusu ni Tsunan, lilikatika kabisa baada ya barabara namba 405 kufungwa kwa hatari ya maporomoko, watu mia kadhaa wakakaa kama wiki nzima bila njia, televisheni za Tokyo zikaleta helikopta. Kilichonigusa kwenye habari zile ni kwamba waliokuwa ndani hawakuwa na hofu kubwa kama waliokuwa nje. Chakula cha baridi walishaweka, wanajuana, wanajua paa la nani linashushwa leo.

Hapo ndo likaja lile swali ambalo linarudi kila msimu mbaya, kwa nini hawa watu wasihamishwe wote waje mjini, tunatumia pesa za nini kwa vitongoji vya kaya kumi. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu wanaouliza sio watu wabaya, ni walipa kodi. Ila wanaulizia wakiwa ndani ya treni ya Tokyo, na sehemu ya umeme unaoendesha treni za kampuni ya reli ya JR East kule Tokyo unatoka kwenye mitambo ya mto Shinano. Maji yanachotwa kwenye bwawa la Miyanaka, Tokamachi, yanapita kwenye mahandaki mpaka mitambo ya Tokamachi na Ojiya. Mto huo masika unajaa maji ya theluji ya milima hiihii, na mpunga wa Uonuma, ambao Wajapani wenyewe wanauweka juu kabisa kwa bei, unakunywa hayohayo. Mwaka 2009 hiyo kampuni ya JR East ilinyang'anywa kibali cha maji baada ya kubainika ilikuwa inachota zaidi ya ilichoruhusiwa, ikarudishiwa 2010 baada ya kukubaliana na wenyeji. Yani theluji ikiwa maji ina thamani mpaka watu wanagombana kisheria, ikiwa bado ipo juu ya paa la bibi wa Tokamachi inakuwa shida yake binafsi.

Sheria ya 1962 ilifanyiwa marekebisho 2022, ikaongezewa miaka kumi, na safari hii usalama wa kuondoa theluji umetajwa, kuna fungu la kusaidia halmashauri kwenye kamba, vifungo vya kufungia kamba paani, helmeti, mafunzo. Ni hatua nzuri na imechelewa. Ila kamba ni ya mtu anayepanda, na mtu ndo hayupo. Mimi ningetaka pesa ya maji na umeme wa Shinano ilipe mishahara ya vikosi kama vya Sakae kwenye kila halmashauri ya bonde lile, na walipwe kwa mwezi kuanzia Desemba hadi Machi, theluji idondoke isidondoke. Kampuni ndogo za ujenzi za huko ndo zina watu na mashine, kiangazi wanatengeneza barabara, baridi wanaondoa theluji, na msimu ukiwa mwepesi wakalipwa kwa saa walizofanya tu wanashindwa kubaki na madereva, dereva anaenda zake Saitama, jirani na Tokyo, kutafuta kazi ya kudumu, msimu mzito ukija greda lipo limepaki na hakuna wa kuliendesha. Zima moto hawalipwi kwa idadi ya moto uliowaka, na sioni kwa nini mtu anayemwondolea mzee tani 30 za theluji alipwe kwa sentimita.